Uchunguzi wa Armstrong: kwa nini mashabiki waliwageukia waliosema kweli?

MWANA WA NGAMIANI (mleta uzi)

Wakuu, asalaam aleikum na habari za jioni.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, vijiwe vya kahawa hapa Tanga vimepata mada mpya. Zamani ilikuwa Coastal Union na African Sports tu, sasa mtu anaongeza kikombe cha pili ili amalize ubishi wa Pogačar, yule aliyeshinda pale Kigali. Nafurahi sana, maana mji wetu huu ni wa baiskeli tangu enzi za mkonge. Lakini wiki hii pale Barabara ya 12 ubishi ulihamia kwa Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, na mkubwa mmoja ninayemheshimu akasema maneno ambayo karibu wote waliyaitikia: yule bwana alionewa, wote walikuwa wakitumia dawa, na serikali ya Marekani haikuwa na haja ya kumpeleleza mtu kwa mambo ya baiskeli. Kijiweni sikupata nafasi. Naomba nimjibu hapa kwa kituo.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: Armstrong aligundulika na saratani ya korodani Oktoba 1996, akatibiwa, akarudi barabarani, akashinda Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, mara saba mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005. Mei 2010 Floyd Landis, aliyewahi kuwa naye timu moja na ambaye mwenyewe alishanyang'anywa ushindi wa 2006 kwa ajili ya testosteroni, akafunguka kwamba kwenye timu ile EPO, dawa ya kuzidisha chembe nyekundu za damu, na kuongezewa damu kulikuwa jambo la kawaida. Waendesha mashtaka wa Marekani wakafungua uchunguzi wa jinai, mpelelezi akiwa Jeff Novitzky. Februari 2012 uchunguzi ukafungwa bila mtu kushtakiwa. Mashabiki wakashangilia kana kwamba mtu wao ametangazwa msafi. Hakuna aliyemtangaza msafi. Faili lilifungwa, basi.

USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, chini ya Travis Tygart, likaendelea na kazi yake. Tarehe 10 Oktoba 2012 likaweka hadharani ushahidi wa kurasa zaidi ya 1,000. Watu 26 walitoa maelezo chini ya kiapo, 15 kati yao waendesha baiskeli, na 11 waliwahi kuvaa jezi moja na Armstrong. Tarehe 22 mwezi huohuo chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikamfutia mataji yote saba. Januari 2013 akakiri kwa mdomo wake mbele ya Oprah Winfrey.

Na hilo la serikali kuingilia, naomba mkubwa wangu alipime tena. Mdhamini wa timu ile alikuwa Posta ya Marekani, chombo cha umma, kilichotoa zaidi ya dola milioni 30. Kesi ya madai iliyofuata ilimalizika Aprili 2018, Armstrong akakubali kulipa dola milioni 5. Posta yetu ikitoa pesa kama hizo kisha ikasikia ilidanganywa, nani kati yetu atasema isiulize?

Lakini kinachoniuma zaidi si sindano. Ni yale waliyofanyiwa watu waliosema.

Christophe Bassons, Mfaransa. Kashfa ya dawa ya timu yake, Festina, ilipolipuka 1998, wenzake wa timu waliobanwa na polisi walieleza kwamba yeye ndiye aliyekataa dawa. Mwaka 1999 akawa anaandika gazetini, huku yumo mbioni, kwamba mambo bado si safi. Siku ya kupanda Alpe d'Huez Armstrong akamsogelea palepale barabarani akamwambia arudi kwao. Kundi zima likamtenga. Siku chache hazikupita akafunga mizigo.

Filippo Simeoni, Muitaliano. Huyu aliwahi kutumia, akakiri, akatoa ushahidi dhidi ya daktari Michele Ferrari, ambaye ndiye daktari aliyemshauri Armstrong. Tour ya 2004, hatua ya 18, Simeoni akachomoka kuwafuata waliotangulia mbele. Hakuwa tishio kwa yeyote, alikuwa nyuma mno kwenye msimamo. Armstrong mwenyewe, mwenye jezi ya njano ya anayeongoza mbio, akatoka kumfukuza. Wale wa mbele wakamwomba Armstrong arudi, maana yeye akiwapo kundi haliwezi kuwaachia. Akasema harudi bila Simeoni. Simeoni akarudi, wengine wakamtolea maneno machafu, na Armstrong akaonyesha kwa vidole ishara ya kufunga zipu mdomoni. Kamera zikiwa wazi, dunia nzima inaangalia! Na watu wakacheka.

Emma O'Reilly, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mkandaji wa timu. Alieleza kwamba mwaka 1999 kipimo cha Armstrong kilipoonyesha kotisoni, dawa iliyokatazwa, daktari aliandika cheti cha tarehe ya nyuma, eti ilikuwa krimu ya vidonda vya kukalia kiti. Akashtakiwa mahakamani na kuchafuliwa utu wake kwa tusi ambalo siliandiki humu. Betsy Andreu, aliyesema alimsikia Armstrong akiwatajia madaktari dawa alizotumia, hospitalini Indianapolis mwaka 1996, akaitwa kichaa mwenye chuki. Kwa zaidi ya miaka kumi mama yule alisimama palepale, hakubadili neno.

Mashabiki walikuwa upande gani? Upande wa aliyeonyesha zipu. Kila aliyesema alikuwa na husda, au anatafuta pesa, au ameshindwa maisha. Ndiyo maana sikubali kusikia "alionewa". Walioonewa wana majina, nimeyataja.

Nawasilisha, karibuni tujadili.

SHABIKI DAMU

Mkuu umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, ila sikubaliani.

Mwaka 1998 Willy Voet, mkandaji wa Festina, alikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa gari limejaa EPO. Mwaka 1999 Pantani alitolewa kwenye Giro, mbio za Italia, akiwa anaongoza, chembe nyekundu za damu zilipimwa zikasoma asilimia 52. Mwaka 2006 polisi wa Hispania walivamia kwa daktari Fuentes wakakuta mifuko ya damu kwenye majokofu, Ullrich na Basso wakazuiwa kuanza Tour. Sasa niambie msafi alikuwa nani? Kama wote walitumia basi walikuwa sawa, na kati ya walio sawa yule alikuwa hodari. Alikuwa anaenda kuipanda milima ya Tour miezi kabla, kwenye baridi na mvua, wenzake wako majumbani. Hilo hakuna anayelikanusha.

Mimi baiskeli niliipendea kwake. Siwezi kuifuta furaha ya miaka saba kwa sababu ya makaratasi.

NESI WA PWANI

Kaka Shabiki Damu, hoja ya "wote walitumia basi walikuwa sawa" niruhusu niiguse, maana iko upande wangu wa kazi.

EPO ni homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye figo hasa. Inauambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa hukosa homoni hiyo na kuishiwa damu, ndiyo maana wanaosafishwa damu huchomwa ile ya viwandani. Kwao ni uhai. Mtu mzima mwenye afya akichomwa, chembe zinazidi kiwango, oksijeni inayofika misulini inazidi, anapanda mlima kwa kasi ambayo jana hakuwa nayo.

Mwaka 1997 hapakuwa na kipimo cha kuikamata EPO, kwa hiyo UCI iliweka mpaka tu: hematokriti, yaani ile sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, isizidi asilimia 50. Kipimo cha mkojo kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney 2000.

Sasa chukua watu wawili. Mmoja kaumbwa na 41, mwingine na 48. Mpaka ni 50 kwa wote. Wa kwanza anaweza kujiongezea pointi tisa, wa pili mbili. Aliyeumbwa na kipaji cha damu nzuri ndiye anayepata kidogo kuliko wote! Na tena miili haiitikii dawa kwa namna moja. Kwa hiyo hata kama kila mtu barabarani ametumia, mbio zile hazikupi aliye hodari zaidi. Zinakupa ambaye mwili wake umeitikia vizuri na ambaye daktari wake anajua kuhesabu.

Hatari nayo isisahaulike. Damu ikizidi chembe inakuwa nzito, inaganda kirahisi, na hawa watu mapigo yao ya moyo usiku huwa ya chini sana. Kijana anayesoma humu asije akaona ni kitu cha kujaribu.

MWANA WA NGAMIANI

@NESI WA PWANI Allah akulipe dada, hilo la 41 na 48 kijiweni hakuna aliyekuwa nalo.

Nami niongeze juu yake. Hata upatikanaji haukuwa sawa. Baada ya Festina timu ziliogopa kubeba dawa kwenye magari yao, na ushahidi wa USADA unaeleza kwamba kwenye Tour ya 1999 kulikuwa na mtu wa pikipiki aliyefuata mbio akiwapelekea EPO wakubwa wa timu ya Armstrong. Wakubwa tu. Wale wengine hawakupelekewa. Kwa hiyo hata ndani ya timu yake mwenyewe "walikuwa sawa" si neno la kweli.

FUNDI MAKORORA

Mie mtu wa spana na spoki, hayo ya hematokriti namwachia Nesi. Lakini la husda nalijua.

Miaka ya nyuma palikuwa na mashindano ya vijana, kutoka mjini hadi Muheza na kurudi. Mmoja alishika roli njiani, akavutwa kipande kirefu, akaachia karibu na mjini, akashinda. Aliyemwona ni kijana mmoja niliyekuwa namtengenezea baiskeli, Phoenix ya baba yake tuliyoivua makadi na kariya ili iwe nyepesi. Kijana alikuja wa pili. Akasema aliloliona, mbele ya watu, bila matusi.

Hakuna aliyekwenda kumtafuta dereva wa roli. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mtaa mzima ulimgeukia yeye: ameshindwa sasa anatafuta sababu. Mama yake akawa anasemwa sokoni. Mwaka uliofuata nilimwambia nakukazia rimu bure, njoo ushindane, akakataa. Alikuwa na miguu yule, sijaona mwingine kama yeye kwenye barabara hii.

Aliyeshika roli sina kinyongo naye, alikuwa mtoto. Waliomzomea msema kweli walikuwa watu wazima.

DADA RASKAZONE

Nimesoma uzi wote na nimelia pale kwa Emma.

Mimi nilikuwa na kile kikanda cha njano cha mpira, mlichokuwa mnaona watu wamevaa mkononi kuanzia 2004. Mama yangu alikuwa anatibiwa Ocean Road, na ndugu mmoja alituletea viwili, cha kwangu na cha kwake. Mama hakujua Tour de France ni nini. Alijua tu kuna mtu alikuwa na saratani imesambaa hadi kwenye mapafu na ubongo, akapona, akapanda milima. Alikuwa anakigusagusa akisubiri zamu yake ya mionzi.

Kwa hiyo Shabiki Damu nakuelewa unaposema furaha haifutiki. Saratani ile ilikuwa ya kweli, na kupona kwake kulikuwa kwa kweli, na mama yangu alipata nguvu ya kweli. Hayo sitaki mtu aniguse.

Ila kinachonichoma ni kwamba ugonjwa ule ndio uliofanywa ngao. Mwandishi akiuliza kuhusu dawa, anaambiwa: unadhani mtu aliyeponea kwenye mlango wa kifo anaweza kujichoma vitu? Maumivu ya watu kama mama yangu yakatumika kuwanyamazisha kina Emma na Betsy. Mama angejua hivyo asingekubali kabisa, alikuwa mtu wa haki.

SHABIKI DAMU

@DADA RASKAZONE pole sana dada, Mungu amrehemu mama kama ametangulia, na kama yupo ampe afya.

Hapo kwenye ngao sibishani nawe. Bado nasema adhabu haikuwa sawa. Wale wenzake waliotoa ushahidi wakiwa bado wanashindana, kina Hincapie na Leipheimer, walifungiwa miezi sita. Yeye maisha. Dawa ni zilezile.

MWANA WA NGAMIANI

Mkuu hilo ni swali la haki kabisa na wapo wengi waliolalamika hivyo hata huko Ulaya. Jibu langu: wale walikaa mezani na wachunguzi wakasema. Yeye aliitwa, akakataa kujibu mashtaka, akawa amebaki na hukumu kamili. Na wale hawakuwashtaki wakandaji mahakamani wala kumfukuza mtu barabarani. Hata hivyo miezi sita ni midogo, nakubali. Kwa mtu aliyeshinda pesa za watu kwa miaka, ni kama likizo ya msimu wa baridi.

LIKONI FERI

Ndugu zangu wa Tanga, jirani yenu wa Mombasa naomba kuingia.

Mbona hamumtaji Chris Froome, bingwa wa Tour? Huyu alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akaiwakilisha Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne 2006. Sisi tulimchukua kama wetu hata alipohamia bendera ya Uingereza. Desemba 2017 habari zikatoka kwamba sampuli yake ya mkojo ya Vuelta, mbio za Hispania, ilikuwa na salbutamol ya nanogramu 2,000 kwa mililita, na mpaka ni 1,000. Ni dawa ya pumu. Huku kwetu, kabla hata hatujasoma mistari miwili, tulikuwa tushaamua: Wazungu wanamwonea kijana wetu. Na Wafaransa nao walikuwa wameshaamua kwamba ni mwizi. Tour ya 2015, miaka miwili kabla ya hiyo kesi, mtu alikuwa ameshammwagia mkojo, na 2018 pale Alpe d'Huez walimzomea na kumtemea mate.

Julai 2018 UCI ikafunga kesi, ikasema hakuna kosa. Nani alibadili mawazo? Hakuna, si huku si kule.

Na kwenye riadha yetu ni yaleyale. Rita Jeptoo, Jemima Sumgong mwenye dhahabu ya Rio 2016, Asbel Kiprop, wote wamefungiwa kwa EPO. Kila mara tunasikia kwanza "wanatuonea". Mimi nimechoka na neno hilo, kwa sababu kuna mkimbiaji wa Iten, mji wetu wa wakimbiaji, anayeamka saa kumi alfajiri bila sindano yoyote, na huyo ndiye anayeshukiwa kila anaposhuka kwenye ndege.

MWANA WA NGAMIANI

@LIKONI FERI karibu sana jirani, umeleta jambo zito.

Ya Froome na ya Armstrong nayatenga kabisa. Froome kesi yake ilisikilizwa ikafungwa bila kosa, kwa hiyo mbele yangu ni mtu asiye na hatia, na aliyemtemea mate alifanya uhuni. Tena kuna jambo wengi hawalijui: Vuelta ya 2011 Froome alimaliza wa pili nyuma ya Mhispania Juan José Cobo. Mwaka 2019 pasipoti ya damu ikamnasa Cobo, akafutiwa, na ushindi akapewa Froome. Upimaji uleule ambao mashabiki wake waliutukana 2017 ndio uliomrudishia haki yake, miaka minane baada ya mbio zile. Pasipoti hii ilianza 2008. Haitafuti dawa, inafuatilia damu ya mtu mwaka hadi mwaka na kuona inapocheza isivyo kawaida.

Na la yule wa Iten nakuunga mkono kwa mikono miwili. Septemba hiyohiyo ya Kigali, Simbu wetu alichukua dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nilitamani ifike siku Mtanzania akishinda hivyo, asiwepo mtu popote wa kunong'ona pembeni. Siku hiyo itakuja kwa kupima watu, hakuna njia nyingine.

KIJANA WA PONGWE

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya mazoezi na wenzangu alfajiri, Pongwe hadi mjini. Swali langu: kama Armstrong amefutwa, hiyo miaka saba ameshinda nani? Nimetafuta nimeona patupu.

FUNDI MAKORORA

Marahaba mwanangu. Patupu ndipo penyewe, hawakumpa mtu.

MWANA WA NGAMIANI

Marahaba kijana. UCI iliamua miaka hiyo ibaki bila mshindi, na naona ilifanya sawa. Angalia nani angefuata. Mwaka 1999 wa pili ni Zülle, aliyekuwa kwenye Festina ya 1998 na alikiri EPO. Mwaka 2000, 2001 na 2003 ni Ullrich, ambaye baadaye alipatikana na hatia kwenye kesi ya Fuentes. Mwaka 2005 ni Basso, aliyefungiwa kwa kesi hiyohiyo. Ungeshuka hadi nafasi ya ngapi ndipo umpate wa kumkabidhi jezi bila shaka?

SHABIKI DAMU

Unaona sasa mwenyewe umenisaidia hoja yangu.

NESI WA PWANI

Hapana kaka. Mahali fulani kwenye orodha ile, wa 30 au wa 60, yupo aliyemaliza Tour nzima kwa damu yake. Hakupata mkataba mzuri, hakupigwa picha, pengine aliacha kazi akiwa na miaka 25. Hatumjui, na kutomjua ndiyo hasara yenyewe.

KIJANA WA PONGWE

Asanteni. La mwisho wakubwa. Pogačar alishinda Kigali, na kijiweni watu wanasema naye lazima anatumia kwa sababu hakuna binadamu wa kasi ile. Je, inawezekana tukaja kuambiwa baadaye kwamba mshindi hakuwa yeye?

LIKONI FERI

Kijana, Pogačar hajawahi kukutwa na kosa lolote, kwa hiyo usimwite mwizi kwa sababu ya kasi. Lakini swali lako lina jibu. Sampuli zinaweza kuhifadhiwa na kupimwa upya kipimo kipya kikivumbuliwa, na kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, tangu 2015 zinaruhusu shauri kufunguliwa hadi miaka kumi. Kwa hiyo za Kigali, kwa yeyote aliyeshindana pale, mlango uko wazi hadi 2035. Wewe utakuwa na miaka mingapi?

KIJANA WA PONGWE

27. Nitakuwa bado nashindana, inshallah.